Daktari wa Mifugo Anajibu: Kwa nini ng'ombe aliyekufa hazikwi?

SWALI: Shikamoo Daktari. Mimi ni kijana wa Njombe, nafanya kazi kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa huku Ayrshire, Uskoti. Juzi tulimkuta ng'ombe wa miaka sita amekufa zizini. Nikauliza tukachimbe shimo wapi, tajiri akashtuka na kunikataza. Akapiga simu, likaja lori likambeba, nikaambiwa anakwenda kupimwa ubongo. Lakini hapa kila mtu anasema kichaa cha ng'ombe kiliisha zamani. Gharama yote hii ya nini?
Msomaji, Ayrshire

JIBU: Marahaba mwanangu. Tajiri wako kafuata sheria. Huko ng'ombe aliyepita miezi 48 akifia shambani, mwenye mali ana saa 24 za kupiga simu ili mzoga uchukuliwe na kupimwa. Kuzika shambani kulipigwa marufuku mwaka 2003, isipokuwa sehemu chache za mbali, na Ayrshire haimo.

Kichwa hakipasuliwi. Mpimaji hupitisha kijiko chembamba, kirefu, kwenye tundu lililo nyuma ya fuvu, pale ubongo unapoungana na uti wa mgongo, akachota kipande kidogo cha shina la ubongo. Hapo ndipo panapoonyesha ugonjwa vizuri zaidi. Kinachotafutwa ni prioni, ambayo si bakteria wala virusi. Ni protini iliyojikunja vibaya, na ikikutana na wenzake wazima nao hujikunja hivyohivyo, mpaka ubongo unatoboka matundu. Kuipika hakusaidii. Chanjo hakuna, dawa hakuna, na ng'ombe akiwa hai hakuna kipimo cha kutegemea. Ndiyo maana nasema kinga ya ugonjwa huu ni sheria, na sheria yenye mwanya ni hatari kubwa.

Mwanya wenyewe uliwahi kuwepo. Ugonjwa ulitambuliwa Uingereza mwaka 1986. Ulikuwa ukisambazwa na unga wa nyama na mifupa: masalia ya machinjioni yalipikwa, yakasagwa, yakarudishwa kwenye chakula cha ng'ombe. Julai 1988 serikali ikakataza wanyama wanaocheua kulishwa protini ya wanyama wanaocheua. Kwenye karatasi ilitosha. Lakini kuku na nguruwe waliachwa waendelee kula unga uleule, na viwanda vingi vilitengeneza vyakula vyote kwa mashine zilezile. Mabaki ya kundi moja yakaingia kwenye chakula cha kundi jingine. Na ubongo wenye ugonjwa, hata uwe kiasi cha punje ya pilipili manga, unatosha kumwambukiza ng'ombe. Zaidi ya ng'ombe 40,000 waliougua walikuwa wamezaliwa baada ya marufuku hiyo. Mpaka leo jambo hili linaniuma, kwa sababu mwanya ule uliachwa miaka minane. Mwaka 1996 ndipo Uingereza ilipouondoa unga huo kwenye chakula cha mifugo yote ya shambani. Umoja wa Ulaya nao ukafunga mlango Januari 2001.

Fidia nayo ilikosewa. Mwaka 1988 mfugaji ambaye ng'ombe wake alithibitika kuugua alilipwa nusu ya thamani. Fidia kamili ilikuja 1990. Ukimlipa mtu nusu, unamtia majaribuni amuuze mnyama mapema, kabla hajaanza kuyumba mbele ya watu. Mwenye mifugo ndiye macho ya kwanza ya serikali, lazima atoe taarifa bila kuogopa kufilisika.

Tarehe 20 Machi 1996 waziri wa afya, Stephen Dorrell, alilieleza Bunge kwamba ugonjwa huo huenda ndio uliokuwa ukiwaua vijana kadhaa. Mpaka sasa Uingereza imezika watu 178 kwa ugonjwa huo.

Hao wanaokuambia umeisha, wakumbushe Mei 2024. Hukohuko Ayrshire ng'ombe mmoja alikutwa nao. Ilikuwa aina nyingine, ile inayoonekana kujizukia yenyewe kwa ng'ombe wenye umri mkubwa, na nyama yake haikumfikia mlaji. Ulinaswa kwa sababu vipimo vinaendelea.

Wewe kazini, usimwage chakula cha kuku kwenye hori la ng'ombe hata kikiwa kimebaki. Na ukiona ng'ombe mpole ameanza kushtuka ovyo, kurusha mateke akikamuliwa, au miguu ya nyuma inamyumbisha, mwambie tajiri siku hiyohiyo. Kisheria ni lazima itolewe taarifa kwa kushuku tu, bila kusubiri uhakika.

SWALI: Daktari, nipo Birmingham. Muuza nyama wangu ananiuzia ulimi na mashavu ya ng'ombe, ila nikiomba kichwa kizima cha supu anakataa. Ananibania?
Mama wa watoto watatu

JIBU: Hakubanii, dada. Sababu ni kichaa cha ng'ombe hichohicho. Fuvu, ubongo, macho na ule ugwe wa ndani ya uti wa mgongo, kwa ng'ombe aliyezidi miezi 12, haviruhusiwi kuliwa na binadamu. Hutengwa machinjioni na kupakwa rangi ya buluu, mtu asije akavichanganya na nyama, kisha huenda kuteketezwa. Ulimi na mashavu ni halali kuuzwa. Kwa supu, mwombe mkia, au makongoro kama anayo.