Daktari kasema "toa kama nilivyoandika": lawama ni ya nani?

Swali

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mfamasia, nina mwaka mmoja na nusu tangu nipate leseni. Wiki hii nililetewa cheti cha mama mwenye baridi yabisi: methotreksati miligramu 10, kila siku, kwa mwezi mzima. Ninavyojua, kwa ugonjwa huo dawa hii hunywewa mara moja kwa wiki. Nikampigia daktari. Akanijibu, "Toa kama nilivyoandika, daktari ni mimi." Msimamizi wangu naye akasema saini si yangu, nitoe tu yaishe. Sikutoa, nikamrudishia mama cheti chake akaondoka. Tangu siku hiyo naonekana mkaidi. Naomba unieleze kisheria: ningetoa na mama akadhurika, nani angewajibika? Na je, mfamasia ana haki ya kukataa cheti halali?

Jibu

Marahaba, mwanangu. Sheria itasubiri kidogo. Mama huyo yuko wapi sasa?

Umeniandikia kwamba ulimrudishia cheti akaondoka. Cheti kile kile, chenye kosa lile lile. Akiingia duka la pili akakuta mtu mwenye haraka, dozi anayo mkononi. Mtafute leo hii. Muulize kama amepata dawa kwingine na ameshakunywa siku ngapi. Muulize kama ana vidonda mdomoni, homa, au michubuko asiyojua imetoka wapi. Kwa baridi yabisi dozi huwa kati ya miligramu 7.5 na 25 kwa wiki. Kumi kila siku ni sabini kwa wiki, na mwili haupati nafasi ya kupumua katikati. Dawa hii huzuia kazi ya foleti, vitamini ambayo seli huihitaji ili zigawanyike, kwa hiyo zinazoumia kwanza ni seli zinazogawanyika kwa kasi: za uboho (ndani ya mifupa, damu inakotengenezwa), za mdomo, za utumbo. Watu wamekufa kwa kuinywa kila siku, na wengine hawakuumaliza hata mwezi. Kama ameanza, aende hospitali akapimwe damu, na umwambie wazi kuna dawa ya kuokoa, asidi ya foliniki, ambayo kadiri inavyocheleweshwa ndivyo nguvu yake inavyopungua.

Ukishamaliza simu hiyo, rudi tuongee sheria.

Msimamizi wako amesema saini si yako. Kweli, saini ya kwenye cheti ni ya daktari. Lakini kuandika dawa na kutoa dawa ni vitendo viwili, vya watu wawili, wenye leseni mbili na mabaraza mawili. Na havikutenganishwa kwa bahati mbaya. Tangu karne ya 13 Mfalme Frederick II, aliyetawala Sicily na kusini mwa Italia, alipiga marufuku tabibu kushirikiana kibiashara na mwuza dawa. Alitaka jicho la pili, ambalo halina faida katika kosa la jicho la kwanza. Jicho hilo la pili leo ni wewe. Mfamasia anayesema "nilitoa kwa sababu daktari aliandika" anakiri kwamba jicho hilo lilikuwa limefumba.

Mahakama zimelisema hili bila kupepesa. Uingereza, miaka ya 1980, daktari alimwandikia mgonjwa wa pumu aliyekuwa na maambukizi ya kifua dawa kadhaa, mojawapo Amoxil, ya kuua vijidudu. Mwandiko ulikuwa mbaya, mfamasia akasoma Daonil, ambayo hushusha sukari ya kisukari. Mgonjwa hakuwa na kisukari. Sukari ilianguka na ubongo wake ukaharibika moja kwa moja. Mahakama ilipokikagua cheti ilikuta kimejaa dalili za kumshtua yeyote aliyekuwa makini: kilisema vidonge vya miligramu 250, wakati Daonil ilikuwa ya miligramu 5; na kilisema zinywewe mara tatu kwa siku, kwa siku chache tu, wakati kisukari hakitibiwi kwa wiki moja. Tena mgonjwa alilipia dawa, ilhali kule wenye kisukari hupewa bure. Daktari hakuachiwa, kwa sababu mwandiko wake ndio uliofungua mlango. Akabebeshwa asilimia 25 ya lawama. Asilimia 75 ikaenda upande wa mfamasia.

Hebu linganisha. Yule mfamasia hakuona kosa, na bado alibeba robo tatu. Wewe uliona, ukapiga simu, ukapata jibu lisilojibu kitu. Ungetoa baada ya hapo usingekuwa na pa kujificha, kwa sababu swali lisingekuwa tena "kwa nini hukuona?" Lingekuwa "kwa nini ulitoa ukijua?" Maswali haya mawili yako mbali sana mbele ya kamati ya nidhamu.

Kuhusu nani angewajibika: wote wawili, na pengine msimamizi na mwajiri pia. Vijana wengi hudhani lawama ni kama jiwe moja, akilibeba daktari basi wewe umepona. Sivyo. Tukio moja linaweza kukupeleka kwenye njia kadhaa kwa wakati mmoja, na kila njia ina kipimo chake.

Kwenye shauri la madai mgonjwa anadai fidia. Anatakiwa kuonyesha kwamba ulikuwa na wajibu kwake, kwamba ulifanya chini ya kiwango, na kwamba madhara yametokana na hapo. Kiwango chenyewe, katika nchi nyingi zilizorithi sheria za Kiingereza, kinaanzia kwenye kesi ya 1957 iliyosema kwamba mtaalamu si mzembe kama alifanya kile ambacho kundi la wataalamu makini wa fani yake wangekubali kuwa ni sahihi. Mwaka 1997 majaji wakaongeza kwamba rai ya wataalamu hao nayo lazima iwe na mantiki, si mazoea tu. Kwa hiyo ile "sisi hapa huwa tunatoa" haitakusaidia. Mara nyingi anayelipa fidia ni mwajiri, kwa kuwa ulikosea ukiwa kazini kwake.

Jinai ni nadra zaidi, na ushahidi wake lazima usiache shaka ya maana. Nchi hazilingani hapa. Uingereza, kwa mfano, tangu 2018 mfamasia wa duka lililosajiliwa aliyekosea kwa bahati mbaya ana utetezi wa kisheria, lakini una masharti, na mojawapo ni kwamba kosa lilipogundulika mgonjwa aliambiwa bila kuchelewa. Ukificha, umejinyang'anya kinga. Soma sheria ya nchi yako uone inasemaje. Usimwulize jirani wa kaunta.

Baraza la taaluma ndilo linalowashangaza watu. Lenyewe halihitaji mgonjwa adhurike. Kazi yake si kumlipia mtu machungu, ni kuamua kama wewe unafaa kuendelea kuaminiwa na umma. Cheti cha hatari kilichotolewa na mgonjwa akapona kwa bahati yake bado ni shauri kamili. Linaweza kukuonya, kukuwekea masharti, kukusimamisha, au kukufuta kwenye rejesta ya wenye leseni. Tena linaweza kukuita hata kama mahakama haikukuta na hatia.

Sasa haki ya kukataa. Mimi nisingeiita haki. Haki unaweza kuitumia au kuiacha. Hii huna ruhusa ya kuiacha. Cheti kuwa halali kunamaanisha tu kwamba kimeandikwa na mwenye mamlaka, kina tarehe, jina, saini. Hakumaanishi dawa iliyomo ni salama. Sheria inapokupa mamlaka ya kutoa, inakupa pamoja na wajibu wa kupima kama kutoa kunafaa kwa mtu huyu.

Ila tahadhari moja, maana nimeona vijana wakikataa kwa kiburi nao. Methotreksati ya kila siku ipo, katika matibabu fulani ya saratani, kwa utaratibu maalumu. Ndiyo maana simu huanza na swali, haianzi na shutuma. "Daktari, shikamoo, nina cheti cha mgonjwa wako fulani. Naona methotreksati kila siku. Ni kwa ugonjwa gani, na ulikusudia kila siku au kila wiki?" Mara nyingi utasikia kimya kifupi, kisha, "Asante, nilimaanisha wiki." Daktari naye ni mtu, amechoka, kalamu imeteleza. Akikupa sababu ya kitaalamu inayokubalika, andika sababu hiyo na utoe. Akikupa cheo badala ya sababu, hujapata jibu. Panda ngazi: daktari mwenzake wa idara, mkuu wa kitengo, mganga mkuu. Na wakati unapanda, mgonjwa usimwache hewani. Mwambie kuna jambo la dozi mnalithibitisha, bila kumpaka daktari matope, na mpe mahali pa kwenda na namba ya kupiga. Cheti usikirudishe kitupu. Kama sheria yenu inaruhusu kukishikilia, kishikilie. Kama hairuhusu, andika juu yake kwamba hakikutolewa, tarehe, na sababu. Hapo ndipo ulipoteleza, na ni hapo tu.

Nikupe na la kwangu. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilipiga simu ya aina hii kuhusu dozi ya mtoto. Nikaambiwa ni sawa, nikatoa, nikaandika pembeni maneno mawili: "Daktari amethibitisha." Mtoto alipata shida, akapona, lakini maswali yakaja baada ya miezi minne. Amethibitisha nini? Saa ngapi? Uzito wa mtoto mliutaja? Daktari alikumbuka simu, hakukumbuka dozi. Maneno yangu mawili yalikaa pale kama kiti kisicho na miguu. Tangu siku hiyo naandika hivi: "Saa 4:20 asubuhi. Nimempigia Dkt. fulani. Nimeuliza: methotreksati mg 10 kila siku, kwa ugonjwa gani? Jibu: 'toa kama nilivyoandika.' Sababu ya kitaalamu haikutolewa. Sijatoa. Nimemjulisha mgonjwa na mkuu wa kitengo, saa 4:35." Mistari minne. Kama hukuandika siku ile, andika leo, lakini weka tarehe ya leo na useme unaandika kwa kumbukumbu. Usirudishe tarehe nyuma hata kwa siku moja. Kumbukumbu iliyochezewa imewafuta watu kwenye rejesta kwa makosa ambayo yenyewe yangeishia kwenye onyo.

Muuguzi anayesoma haya asidhani hayamhusu. Anayechoma sindano ya dozi aliyoitilia shaka yuko pale pale. Na zikija dawa zinazodhibitiwa, mofini na wenzake, ambazo nchi nyingi huzisimamia chini ya mkataba wa kimataifa wa 1961, mambo yanabana zaidi, maana cheti chenye kasoro kinaweza kukuingiza kwenye jinai hata kama dozi ni sahihi.

Umebaki na msimamizi. Kama na yeye ni mfamasia mwenye leseni, maneno yake "toa tu" ni jambo ambalo baraza lingemwuliza yeye mwenyewe. Usibishane naye mbele ya wateja. Mfuate pembeni, kwa heshima zote, umwombe aandike kwenye daftari kwamba ameagiza dawa hiyo itolewe kila siku, na aweke saini. Hata akiandika, usitoe. Karatasi yake haiondoi wajibu wako. Lakini ninavyowajua wasimamizi, akishashika kalamu atauliza kwanza, "Hebu nikione hicho cheti tena."