Magoti yamesagika, je, mazoezi hayatayamaliza?

SWALI: Salaam, wataalamu. Sisi ni kina mama 14 wa kikoba kimoja, wengi tumevuka miaka 60. Kuinuka kwenye mkeka ni shughuli, ngazi tunashuka upandeupande. Mwenzetu mmoja aliambiwa magoti yamesagika, akaacha hata kwenda sokoni, na sasa ndiyo yamezidi. Tunataka kufanya mazoezi kidogo kila tunapokutana, kabla ya hesabu. Tuanzie wapi? Na hatutayamaliza kabisa haya magoti?
– Kina mama wa kikoba, Morogoro

JIBU: Shikamooni, mama zetu. Hofu yenu tunaielewa, lakini mazoezi mepesi hayamalizi goti lililosagika. Gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa, halina mishipa ya damu. Linalishwa na uteute wa goti, na uteute huo hupenya goti linapobebeshwa uzito na kuachiwa, kama mnavyotembea. Mwenzenu alipoacha kwenda sokoni, misuli ya mbele ya paja ilinyong'onyea, goti likakosa wa kulishikilia.

Anzeni na kiti. Kiwe kigumu, kimo cha sentimita 43 hadi 45, kimeegemea ukuta. Viti vya plastiki hutanua miguu kwenye vigae. Kama ndivyo mlivyo navyo, pachikeni viwili kimoja ndani ya kingine.

Sogea mbele mpaka nusu ya paja iwe nje ya kiti. Nyayo zote chini, visigino vimerudi nyuma kidogo ya magoti. Inamisha kifua mpaka pua ifike juu ya vidole vya miguu, ndipo usukume sakafu uinuke. Wengi hujaribu kuinuka kifua kikiwa wima. Uzito hubaki nyuma na goti ndilo linaloumia. Inuka kwa kuhesabu mbili, shuka kwa kuhesabu nne. Kujitupa kitini ni kupoteza nusu ya zoezi, maana kushuka polepole kunajenga sana paja. Hesabuni kwa sauti, wote pamoja: anayehesabu hawezi kubana pumzi.

Hapa ndipo faida ya kikundi inapoonekana. Kaeni wawili wawili mkitazamana. Mwenzako akiona magoti yako yanaingia ndani na kukaribiana unapoinuka, akwambie hapo hapo uyatenganishe. Peke yako huwezi kuliona hilo.

Fanyeni mara 8 hadi 10, pumzikeni dakika moja, mrudie. Wiki mbili za kwanza duru mbili zinatosha, kisha tatu. Asiyeweza aongeze mto mgumu kitini au asukume mapaja kwa mikono. Kabla ya hapo tembeeni papo hapo dakika 5. Baadaye inueni visigino mkishika mgongo wa kiti, halafu simameni mguu mmoja sekunde 10 karibu na ukuta. Dera refu likunjwe, kandambili zivuliwe.

Siku moja kwa wiki haitoshi. Shirika la Afya Duniani linashauri wenye miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya nguvu na ya kusimama bila kuyumba siku 3 au zaidi kwa wiki. Siku nyingine mbili, jirani na jirani wafanye nyumbani.

Maumivu yapimeni kwa 0 hadi 10. Mpaka 5 endelea, mradi ndani ya saa 24 yamerudi hali yake ya kawaida. Yasiporudi, au goti likivimba, punguza idadi, usiache. Hivyo ndivyo wanavyofundishwa wagonjwa wa magoti katika mpango wa GLA:D, ulioanza Denmark mwaka 2013: mara mbili kwa wiki, wiki 6.

Siku ya kwanza kila mmoja akunje mikono kifuani, ainuke na kuketi kwa sekunde 30, idadi iandikwe kwenye daftari la kikoba. Kwa mwanamke wa miaka 65 hadi 69, chini ya 11 ni pungufu. Rudieni baada ya wiki 6.

Anayemeza dawa za presha asimame polepole, kizunguzungu kipite kwanza. Anayechoma insulini ale kabla. Goti jekundu lenye joto, kifua kubana au mguu mmoja kuvimba, nendeni kituo cha afya kwanza.

SWALI: Baba, miaka 72, alivunjika nyonga, sasa daktari amemruhusu kukanyagia. Anachechemea na mkongojo. Ajiunge na kikundi cha mazoezi kama haya?
– Binti yake, Tanga

JIBU: Ajiunge, lakini apewe kiti chenye mikono. Kwanza angalia mkongojo: akisimama wima mkono ukining'inia, kishikio kifike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono. Aushike upande wa mguu mzima, na uende mbele pamoja na mguu mbovu. Wengi huushika upande unaouma, na hapo ndipo kuchechemea kunapozidi. Mpira wa chini ukilika, ubadilishwe.