Jibu: Faneli yenye vali kwa mafuta ya ufuta

Ndugu yangu wa Lindi, umeuliza kama faneli yenye vali (kizibo cha ndani kinachofunguka ukibonyeza kitufe) itakusaidia, maana mafuta ya ufuta yanamwagika kila ukihama chupa. Nunua tu, inasaidia sana. Ukiachia kitufe, springi inarudisha kizibo, unahamia chupa nyingine bila kudondosha.

Ila angalia shingo ya chupa. Faneli ikibana kabisa, hewa iliyomo ndani inakosa pa kutokea. Mafuta yanagoma kushuka, mara yanabubujika juu. Iinue kidogo, au chomeka kijiti safi pembeni hewa ipite.

Halafu, tafadhali, chuja kwanza kwa kitambaa. Chembe moja ya mashapo ikikaa kwenye kizibo, vali haifungi vizuri, inavuja. Ukishaiosha, ikauke kabisa kabla ya kuitumia tena.