Barua kwa mwanangu: mkono wa kushoto wa babu yako

Bukavu, Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Sauti uliyonitumia juzi nimeisikiliza mara tatu. Unaniuliza: "Mama, babu alikuwa nani hasa, askari au mtu wa benki? Na kwa nini miaka yote hiyo hakutuambia kwamba alishika bunduki?" Najua unaandaa maneno ya kusema siku ya kuondoa kilio, na wale wazee watatu waliokuja makaburini na medali zao kifuani wamekuvuruga. Nilitaka kukujibu kwa simu, koo likakauka. Acha niandike.

Anza na mkono wake wa kushoto. Uliuona tangu utoto wako, kiwiko hakikunyooka. Akihesabu noti, alibana bunda kifuani kwa mkono huo, akalowesha kidole cha kulia kwenye sifongo ndani ya kile kisahani cha bati, akazivuta moja moja, midomo ikihesabu kwa Kifaransa. Akifika mwisho aligeuza bunda, akaanza tena kutoka upande wa pili. Wateja walidhani ni madaha ya kazi. Lilikuwa jeraha la mwaka wa 1967.

Mwaka ule mamluki wa yule Mbelgiji, Jean Schramme, waliasi mwezi wa Julai. Agosti wakauteka mji wetu, wakaushikilia hadi mwanzoni mwa Novemba, walipovuka kuingia Rwanda. Papa, yaani babu yako, alikuwa na miaka 21, askari mdogo wa jeshi la taifa, ANC, naye ni mtoto wa Kadutu, mtaa wa hapa hapa Bukavu. Basi waliposogezwa kuja kuurudisha mji, alikuwa mlimani anapiga risasi kuelekea upande ambako mama yake mzazi anakaa, wala hajui kama amekimbia au amejifungia ndani. Hayo aliniambia mara moja tu, mwaka niliokuwa na mimba yako, tumekaa barazani tunaangalia ziwa. Akasema: "Nilikuwa naomba risasi zangu zianguke majini." Kisha akaingia ndani kulala, na jua lilikuwa bado halijatua.

Risasi iliyomvunja kiwiko ilimpata siku za mwisho. Kwa kuwa hakuweza tena kubeba bunduki sawasawa, walimweka alinde mlango wa benki moja iliyobaki bila vioo. Pesa hakuna. Kilichobaki sakafuni ni fishi za wateja, zile kadi ngumu zenye jina la mtu na salio lake, zimetapakaa, na mvua ya Novemba inaingia. Hakuna aliyemwamuru. Kwa mkono mmoja akaanza kuziokota, akazianika juu ya kaunta, akazipanga kwa alfabeti kama mapadri walivyomfundisha shuleni. Ilimchukua siku tano. Meneja aliporudi alimkuta amekaa juu ya kreti tupu, fishi zimesimama kwenye masanduku yake, nyingine zina matope ila zinasomeka. Mwaka uliofuata jeshi lilimwachisha kwa sababu ya kiwiko, na yule meneja akamwandika kazi. Ukiniuliza askari au mtu wa benki, mimi naziona siku zile tano.

Jambo moja usikosee mbele ya watu. Mjomba wako anataka utangaze kwamba babu alipigana Saïo. Hapana. Saïo iko Ethiopia, Waitaliano walisalimu amri huko mbele ya Force Publique, jeshi la Kongo wakati wa Wabelgiji, mwezi wa Julai 1941, Papa hata hajazaliwa. Yeye alilala tu katika Kambi Saïo, kambi ya jeshi hapa Bukavu, ambayo ilipewa jina hilo kwa heshima ya waliopigana huko.

Sasa umeuliza kwa nini alinyamaza. Wewe unadhani alificha bunduki peke yake. Kuna kitu alikificha zaidi.

Tarehe 25 Desemba 1979, siku ya Noeli, ilitangazwa kwamba noti za zaire 5 na zaire 10, pesa yetu ya wakati ule, hazina kazi tena. Watu walipewa siku chache za kuzibadilisha, na kwa kiasi kilichopimwa. Nilikuwa na miaka tisa. Watu wa vijijini, wa Kabare na Walungu, hawakuwa na akaunti benki. Mtu aliuza ng'ombe, akafunga noti ndani ya kitambaa, akazificha nyumbani. Habari iliwafikia kwa mwendo wa miguu.

Siku zilikuwa zimekwisha nilipompelekea Papa chakula. Mbele ya gishe yake, lile dirisha la kuhudumia wateja, alisimama bibi mmoja, miguu ina udongo hadi magotini. Alifungua kitambaa, harufu ya moshi na udongo ikajaa pale. Papa alijua noti zile zimekufa. Akazihesabu zote. Akageuza bunda, akazihesabu tena. Akazifunga kwa uzi, akamrudishia, akamwambia kwa Mashi, lugha ya kwao: "Mama, ni zaire 640." Halafu akasimama mguu sawa, mkono mmoja umenyooka, mwingine umekataa, mpaka bibi yule alipotoka mlangoni.

Nyumbani nilimuuliza kwa nini kuhesabu pesa ambazo hazinunui kitu. Akasema: "Ametembea usiku kucha. Alistahili kujua alikuwa na kiasi gani." Tangu hapo, kila Noeli alikwenda misa, akarudi, akalala. Wewe ulidhani ni uzee.

Mengine unayajua. Mwaka wa 1993 zaire milioni tatu ziligeuka zaire mpya moja, na akiba yake yeye mwenyewe ikaenda na maji. Pensheni yake sitaki hata kuigusa, inaniuma.

Wale wazee wakitaka kuleta bendera, waache, ni wenzake. Wewe simulia fishi na mvua, na ukiweza, simulia na yule bibi. Mimi sitaweza.

Tafadhali njoo siku mbili kabla. Michango ya kilio iko ndani ya sanduku lake, faranga na dola zimechanganyika, na hapa nyumbani hakuna anayethubutu kuzihesabu. Kisahani chake kipo, sifongo imekauka kama jiwe, nitailowesha. Tutazihesabu sisi wawili, halafu tutageuza bunda.

Mama yako