Re: Ramani inasema bilioni 200, grafu ya p/z inasema 267, niamini ipi?

Mkuu mimi ningeanza kuishuku hiyo 267. Umesema ramani na logi za visima (vipimo vya mwamba vinavyochukuliwa ndani ya kisima) zimekupa gesi futi za ujazo bilioni 200 ardhini, halafu p/z (presha ya gesi kwenye mwamba ukigawanya kwa z, namba ya kurekebisha tabia halisi ya gesi) ilianza 4,000 psi, yaani pauni kwa inchi ya mraba, na sasa iko 3,700 baada ya kuvuna bilioni 20, ukavuta mstari mpaka chini p/z inapofika sifuri ukagonga bilioni 267. Hesabu iko sawa kabisa, shida ni kwamba ule mstari unachukulia mwamba kama mtungi uliofungwa, gesi inatoka na hakuna kinachoingia, kumbe kama chini kuna maji yenye nguvu yanapanda yanajaza nafasi, presha haishuki inavyotakiwa na wewe unahesabu gesi ambayo haipo. Ingekuwa mtungi kweli wa bilioni 200, p/z ingekuwa 3,600 saa hizi. Tofauti ni psi 100 tu!

Sehemu niliyofanyia kazi ilikuwa hivyohivyo, pointi za mwanzo zimenyooka mpaka raha, mabosi wanachekelea, baadae visima vya pembeni vikaanza kutema maji ndo watu wakarudi kwenye ramani.

Sasa kinachouma ni hiki. Mwamba usio na maji ya kusukuma unavuna hata asilimia 80 mpaka 90, ila maji yakiingia yanaipita gesi nyingine na kuiacha imenasa kwenye vitundu vya mwamba ikiwa bado na presha kubwa, mara nyingi unaishia 50 mpaka 70. Kwahiyo ukichukua 267 ukazidisha na 0.85 unapata kama 227, yaani umeahidi kuvuna zaidi ya gesi yote iliyomo lol. Kwa maji, ile 200 inakupa kama 100 mpaka 140.

Ila usiiabudu ramani nayo, mpaka wa gesi na maji ukikosewa mita chache kwenye mwamba uliolala eneo linabadilika vibaya sana. Na presha ulipima kisima kimefungwa muda gani? Mwamba mgumu kupitisha gesi unachelewa kupandisha presha, ukipima haraka unasoma chini, hapo kosa linaenda upande wa pili, gesi inaonekana kidogo.

Tupia data ya maji ya kila kisima hapa, na kama kuna logi mpya ya mpaka wa maji weka pia. Kwenye ripoti toa makadirio matatu, la chini, la kati na la juu, hiyo 267 hata la juu nisingeiweka kwa sasa.