Maswali ya Wasomaji: Kulima kwa Ajili ya Jiko la Mjini

SWALI: Ndugu Mtaalamu, salamu. Mimi na mume wangu, pamoja na mama mkwe, tunalima ekari moja na nusu wilayani Arumeru, chini ya Mlima Meru. Tunatumia samadi ya ng'ombe wetu wawili na hatupigi dawa za viwandani. Mwenye mgahawa mmoja wa Arusha mjini ametuomba tumpelekee saladi, sukumawiki, karoti, giligilani na nyanya kila Jumanne na Ijumaa, mwaka mzima. Sisi tumezoea kuuza gulioni Tengeru pale mazao yanapokuwa tayari, na tunaogopa kuahidi tusichokiweza. Tena ametuuliza kama tuna cheti cha kilimo hai. Tufanyeje?
Wakulima, Arumeru

JIBU: Dada yangu, hofu yenu ni ya haki, na ningewashauri msiiondoe haraka, kwa sababu ndiyo itakayowafanya mpange vizuri. Gulioni Tengeru, Jumatano au Jumamosi, mkulima huuza alichonacho. Akiwa hana, hakuna anayemdai. Mwenye mgahawa yuko katika hali nyingine, kwa kuwa ameshaandika orodha ya vyakula vyake na wateja wataketi mezani Ijumaa hata kama saladi yenu imenyauka. Kwa hiyo shamba linalolisha mgahawa hupangwa kwa kuanzia siku ya kupeleka mzigo na kuhesabu kurudi nyuma hadi siku ya kusia mbegu.

Chukueni saladi kama mfano. Tangu kusia kitaluni hadi kuvuna hupita takribani miezi miwili, na baridi ya Juni hadi Agosti huichelewesha zaidi. Ukiatika tuta zima kwa siku moja, utavuna kwa wingi majuma mawili, kisha mwezi mzima utakaa bila kitu. Sieni kitalu kidogo kila juma, na kila mnapovuna tuta moja, jingine liwe linakaribia. Giligilani nayo isiwe kwa mkupuo, kwani hukimbilia kutoa maua jua linapokuwa kali; kila baada ya majuma mawili au matatu sieni mistari michache. Sukumawiki haina taabu hiyo, kwa kuwa huchumwa majani kwa miezi kadhaa, na mkipanda mara mbili au tatu kwa mwaka mtakuwa nayo wakati wote. Karoti huchukua kama miezi mitatu, lakini ina wema mmoja: hukubali kungoja ardhini kwa muda kidogo, hivyo iwe akiba yenu katika majuma ambayo vingine vimepungua.

Nyanya ndiyo inayonitia wasiwasi. Wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, ukungu huiangamiza shambani kabla haijaiva, na mdudu kantangaze, aliyeingia Arusha mwaka 2014, amewafanya wakulima wengi wa Ngarenanyuki na kwingineko wapige dawa mara kwa mara. Ninyi hampigi. Mbegu ya Tengeru 97 inahimili mnyauko na minyoo fundo, lakini haimzuii kantangaze. Kinachosaidia ni kutopanda nyanya mahali palipotoka viazi, biringanya au nyanya nyingine, kuondoa na kuzika majani yaliyoshambuliwa, kuweka mitego inayowanasa madume kwa harufu, na kunyunyiza mwarobaini mapema. Hata mkifanya yote hayo, kwa mwaka wa kwanza msiahidi nyanya za mwaka mzima. Mwambieni mwenye mgahawa waziwazi kwamba nyanya zitapatikana kwa msimu, nanyi mtamjulisha juma moja kabla hazijaanza na juma moja kabla hazijaisha. Mpishi anayejua mapema hubadilisha pishi lake; anayeshtukizwa ndiye anayetafuta mkulima mwingine.

Kabla hamjakubali hizo siku mbili, itazameni pia zamu yenu ya maji ya mfereji. Kama zamu huwaangukia siku ya kuvuna, au hupita siku nyingi kabla ya kurudi, saladi itaonja shida hiyo kwanza. Ombeni mbadilishane zamu na jirani, au ombeni Jumanne iwe Jumatano. Funikeni matuta kwa matandazo ya nyasi kavu au majani ya migomba ili unyevu ukae. Tuta linalopumzika lisiachwe tupu. Pandeni ngwara au marejea, ambayo hurudishia udongo naitrojeni, kisha yafukieni kabla hayajakomaa. Na samadi ya ng'ombe wenu isitiwe mbichi kwenye mboga zinazoliwa bila kupikwa. Ichanganyeni na majani, ipangeni biwi, igeuzeni, na iacheni iive hadi iwe mboji isiyonuka, ndipo iende shambani, kwa sababu anayekula saladi yenu mgahawani hana moto wa kuua vimelea vilivyobaki.

Kuhusu cheti, Jumuiya ya Afrika Mashariki ina viwango vya mazao ya kilimo hai vilivyopitishwa mwaka 2007, na alama yake ni Kilimohai. Si lazima familia moja ilipe kampuni ya ukaguzi, gharama ambayo shamba la ekari moja na nusu haliwezi kuibeba. Upo mfumo shirikishi wa uhakiki, ambamo wakulima walio katika kikundi hukaguana wao kwa wao kwa kufuata viwango hivyo, huweka kumbukumbu, na wakikidhi masharti huruhusiwa kutumia alama hiyo katika soko la ndani na la kanda. Taratibu zake hupatikana kwa TOAM, chombo cha kitaifa kinachosimamia harakati za kilimo hai nchini. Mpaka hapo, msiandike wala kutamka kwamba mna cheti. Semeni kile mnachofanya, mkaribisheni mwenye mgahawa shambani atembee hadi zizini na kwenye biwi la mboji, na wekeni daftari la kila tuta: tarehe ya kusia, kilichotiwa udongoni, kilichonyunyizwa na tarehe ya kuvuna. Daftari hilo ndilo kikundi kitakalowadai siku mtakapoomba kuhakikiwa.

Limebaki suala la fedha, nalo ndilo linalovunja makubaliano mengi kuliko kantangaze. Baadhi ya migahawa hupenda kuchukua mali kauli na kulipa mwisho wa mwezi. Familia inayonunua mbegu na kulipa nauli ya kila mzigo haiwezi kumkopesha mfanyabiashara mwezi mzima. Ombeni kulipwa siku ya mzigo, au kwa uchache kila mwisho wa juma, na liandikeni hilo kwenye karatasi moja pamoja na uzito wa kila zao kwa kilo, bei, namna mboga zinavyotakiwa ziwe, na nani atakayebeba hasara zikirudishwa. Bei iwekwe kwa msimu, wala isifuate bei ya kila siku ya soko. Hapa lazima niseme jambo lisilopendeza: masika bei ya sokoni itapanda kupita ile mliyoandikiana, na mtatamani kupeleka mzigo Tengeru. Msifanye hivyo hata mara moja. Wakati mavuno yatakapojaa kila shamba na bei ya sokoni kuanguka, yeye atatakiwa kuwalipa ileile, na hatakuwa na sababu ya kuiheshimu kama ninyi hamkuiheshimu.

Ahidini theluthi mbili tu ya kile mnachotarajia kuvuna. Kilichozidi kitakwenda gulioni na kwenye chungu chenu wenyewe, maana si vizuri familia ilime saladi za watu wa mjini na mama mkwe akanunue mchicha. Baada ya msimu mmoja tafuteni mnunuzi wa pili, hata mama lishe wa karibu, ili mgahawa mmoja ukifungwa msibaki na matuta yaliyoiva yasiyo na mwenyewe.

SWALI: Nina mgahawa mdogo Morogoro mjini. Nimejaribu kununua mboga moja kwa moja kwa wakulima wa Uluguru badala ya Soko Kuu la Chifu Kingalu, lakini juma moja mkulima huleta nyingi mno, juma linalofuata haleti kabisa. Je, niache?
Mwenye mgahawa, Morogoro

JIBU: Usiache; badili namna ya kununua. Mkulima mmoja wa mlimani hawezi kukuhakikishia mzigo wa kila juma, lakini kikundi kinaweza, kwa kuwa mmoja akipungukiwa mwenzake hujazia, na gharama ya gari la kuteremsha mzigo kutoka Mgeta hugawanywa. Shirika la Sustainable Agriculture Tanzania, linalojulikana kama SAT, lipo hapo Morogoro na hufundisha kilimo ikolojia kwa vikundi. Anza kwa kuwauliza.

Upande wako, punguza ukaidi wa orodha ya vyakula. Andika "mboga ya leo" bila kuitaja, ili kabichi ikiwa nyingi iwe kabichi, na mnafu ukija uwe mnafu. Pokea karoti zilizopinda kwa ajili ya supu, kwa bei ya chini mliyokubaliana, usizirudishe mlimani. Lipa papo hapo. Nunua kwa mizani, na mpe mkulima maganda na mabaki ya mboga arudi nayo kwa ajili ya mboji kama gari linarudi tupu.

Naongeza jambo moja linalonigusa. Mashamba ya Uluguru yako kwenye miteremko mikali, na maji ya milima hiyo huingia Mto Ruvu unaotegemewa na jiji la Dar es Salaam. Mkulima anayetunza makingamaji na matuta ya ngazi hutumia siku nyingi za kazi ambazo bei ya sokoni haimlipi. Mnunuzi wa karibu kama wewe, anayeweza kupanda kwenda kuona, ndiye mwenye nafasi ya kumlipa kwa hilo. Muulize kuhusu matuta yake kabla hujamuuliza bei.

SWALI: Tunalima viazi na kabichi Lushoto. Dalali hukubali viazi vyetu kwa lumbesa tu, yaani gunia lililojazwa kupita mdomo wake. Je, tunaweza kukataa?
Kijana mkulima, Lushoto

JIBU: Mnaweza, na sheria iko upande wenu. Lumbesa imekatazwa, na kanuni za vipimo zinataka gunia la mazao lisizidi kilo 100. Ofisi ya Wakala wa Vipimo ya mkoa hupokea malalamiko ya namna hii. Lakini mkulima akikataa peke yake, dalali huvuka tu kwenda shamba la pili. Kubalianeni kwanza majirani wa kitongoji kizima, changeni fedha za kununua mizani moja iliyohakikiwa, na shoneni magunia yote bapa kabla gari halijafika.