Bastola Moja ya Nyumbani na ya Renji: Maswali Yenu

Maswali ya bastola yamejaa, na karibu yote yanatoka kwa ndugu zetu walioko huku Marekani. Nimeokota yale yanayozunguka kitu kimoja: bastola ya saizi ya kati, ile wanaita kompakti, iliyotoka kiwandani imeshaunganishwa kila kitu, mtu anataka ilale nyumbani kwa ajili ya usalama na wikiendi aende nayo renji, uwanja wa kulenga, kupiga shabaha. Twende.

Mkuu, jamaa wa dukani kanishikisha Glock 19 Gen5 akaniambia nisihangaike na nyingine. Ni nzuri kweli au nanunua jina tu? (Dallas)

Ni nzuri, na jina pia unalilipia. Glock 19 ipo sokoni tangu 1988, ni ile Glock 17 iliyopunguzwa mtutu na mshikio, na hiyo 17 ndo jeshi la Austria waliichukua mwanzoni mwa miaka ya 80, kwa hiyo unanunua kitu ambacho kasoro zake za utotoni watu wengine walishazimaliza kwa hela zao. Mtutu milimita 102, magazini (kile kibebeo cha risasi) ya risasi 15 za 9mm, ikiwa na magazini tupu ina kama gramu 670 na ukiijaza inafika 850 hivi. Gen5, yaani kizazi cha tano, ilitoka 2017, wakaondoa yale mabonde ya vidole kwenye mshikio (hakuna aliyeyalilia), wakaweka kitufe cha kuzuilia slaidi (kile chuma cha juu kinachorudi nyuma) pande zote mbili ili wa mkono wa kushoto nao wapumue, na kwenye boksi kuna vipande vya kuongezea unene mgongo wa mshikio. FBI nao walichagua Glock mwaka 2016, ila hiyo isikubabaishe, wao wana walimu na risasi za kodi za wananchi.

Mi naipenda saizi hii kwa sababu moja: vidole vyote vitatu vinakaa kwenye mshikio na uzito unatosha kumeza teke la risasi inapotoka, so ukipiga risasi ya pili na ya tatu bado uko pale pale ulipolenga. Nisichopenda ni saiti zake (vile vya kulengea) za kiwandani, ni plastiki, dola 500 na kitu mpaka 600 halafu plastiki kweli? Triga, kile kifyatulio, nayo ina mkwaruzo flani, utaizoea lakini mwanzoni utaisema. Na kitu ambacho wauzaji hawakwambii: ili uifungue kuisafisha lazima ubonyeze triga kwanza, na hapo ndo watu wengi wamejitoboa viganja na kutoboa TV zao, maana walitoa magazini wakasahau risasi moja imebaki kwenye chemba, nyuma ya mtutu, tayari kutoka. Toa magazini, vuta slaidi, angalia kwa macho, ingiza kidole, angalia tena, ndo ufungue.

Kabla hujalipa, waombe wakushikishe na CZ P-10 C. Ni ya Czech, nayo ilitoka 2017, saizi ile ile, triga kwa maoni yangu ni safi zaidi na bei mara nyingi iko chini. Zote mbili zikiwa tupu na muuzaji ameshakuonyesha upande salama wa kuelekeza, fumba macho, inua bastola kama unavyolenga, halafu fumbua. Ile ambayo saiti ya mbele imekaa yenyewe katikati ya ile ya nyuma ndo mkono wako umeichagua, mambo mengine ni story.

Dada yenu nina mikono midogo na slaidi ya hizi kompakti inanishinda kuvuta. Si bora nichukue ile ndogo kabisa ya kuweka kwenye pochi? (Minneapolis)

Hapana dada yangu, na hapa ndo wanawake wengi wanauziwa kitu siyo. Bastola ikiwa ndogo spring yake mara nyingi inakuwa ngumu zaidi, na teke lote linaishia kwenye kiganja chako kwa sababu hakuna uzito wa kulipunguza. SIG P365 kwa mfano ni bastola nzuri sana ya kutembea nayo, ila kama haitoki nyumbani unajinyima raha bure, ukipiga magazini kadhaa mkono unaanza kuogopa, na mkono ukiogopa shabaha inaharibika.

Slaidi mara nyingi siyo nguvu, ni namna ya kushika. Usiivute kwa kidole gumba na cha shahada kama unafungua zipu, ishike kwa kiganja kizima kutokea juu, bastola iwe karibu na kifua, mtutu uelekee mbele kwenye upande salama, halafu mkono wa mshikio usukume mbele wakati wa juu unavuta nyuma kwa pamoja. Ukiona bado, waulize Smith & Wesson M&P Shield EZ au ile M&P380 EZ, zimetengenezwa makusudi slaidi iwe laini. Na usinunue kabla hujakodi, renji nyingi wana bastola za kukodisha, piga kila moja kidogo uone. Halafu kumbuka jimbo lako Minnesota linataka kibali cha kununulia bastola, kachukue polisi wa mji wako au kwa sherifu kwanza ndo uende dukani.

Mimi niko kwa viza ya mwanafunzi, kuna shida nikienda renji tu nikakodi nipige, sinunui? (Columbus)

Shida ipo, tena kubwa. Sheria ya serikali kuu inamkataza mtu mwenye viza ya muda, ya shule au ya matembezi, kumiliki au hata kuishika bastola, na kukodi renji inahesabiwa kuwa umeishika. Kuna msamaha kwa mwenye leseni ya uwindaji ya jimbo lolote na wengine wachache, lakini usijitafsirie mwenyewe, muone mwanasheria wa uhamiaji, maana hapa unachezea viza. Mwenye green card yeye ananunua kama kawaida akiwa na vitambulisho vyake. Na usimtume binamu akununulie kwa jina lake, ile fomu ya dukani, 4473, inamuuliza wazi kama bastola ni yake, akidanganya ni kosa la jinai, na tangu 2022 kuna sheria maalum ya kumnunulia mwingine namna hiyo ambayo kifungo chake kinaenda mpaka miaka 15.

Kaka shikamoo. Shemeji yangu yuko Ohio anauza Polymer80 PFC9, anasema ni Glock 19 kwa nusu bei na siyo ya kujiunganishia, imetoka kiwandani. Niichukue? (Kansas City)

Marahaba. Shemeji hadanganyi sana. Polymer80 ya Nevada ilijulikana kwa vile vifurushi vya mtu kujiunganishia bastola nyumbani bila namba ya utambulisho yoyote, polisi wakawa wanaziokota kwenye matukio ya uhalifu, ila PFC9 ni kitu kingine, ilitoka imekamilika, ina namba yake, na ilikuwa inauzwa kwenye maduka yenye leseni kama bastola yoyote. Saizi ni ya Glock 19, inakula magazini za Glock 19, na mshikio una pembe imesimama zaidi ambayo wapo wanaoipenda kuliko ya Glock yenyewe.

Tatizo ni nani atakuhudumia. Los Angeles iliwashtaki wakakubali kulipa dola milioni 5 mwaka 2023, miji mingine nayo ikawaandama, serikali kuu ikabana vifurushi kwa kanuni ya 2022 ambayo Mahakama ya Juu ya Marekani imekuja kuipitisha Machi 2025, na kampuni yenyewe ilishafunga 2024. Kwa hiyo waranti hakuna, na fremu (mwili wa bastola) ikipasuka humpigii mtu simu. Bastola ya renji ya kuchezea sawa, ila ya kuitegemea saa tisa usiku na watoto wamelala, nusu bei siyo nafuu. Na hata ukiamua kuichukua, we uko Missouri yeye Ohio, hamuwezi kupeana mkononi mkamaliza, lazima ipitie kwa muuzaji mwenye leseni wa jimbo lako na background check, yaani kukagua rekodi zako, ifanyike. Kama namba imekwanguliwa hata kidogo, usiiguse.

Glock haina sefti ya kubonyeza kwa kidole, na nina watoto wawili. Mke wangu hataki kuisikia. (Houston)

Mkeo anauliza swali sahihi ila jibu haliko kwenye sefti, kile kizuizi cha bastola kufyatuka. Glock ina sefti tatu za ndani, moja kwenye triga yenyewe, moja inazuia pini inayogonga risasi na moja ya bastola ikidondoka, zote zinajifungua mtu akibonyeza triga, na kidole cha mtoto kinabonyeza vizuri tu. Hata bastola yenye sefti ya kidole, mtoto akicheza nayo dakika mbili ameshaiondoa. Kwa hiyo nunua sefu ndogo ya kufunguka fasta, ya vitufe au funguo, ifungwe kwa bolti kwenye kitanda au kabati, namba mnazijua nyie wawili tu. Juu ya kabati siyo mahali, chini ya mto siyo mahali, kwenye begi la mama ndo kabisa. Muuzaji mwenye leseni lazima akupe kifaa cha kufungia ukinunua bastola, ni sheria, wengi wanakitupa na boksi. Na Texas kuna kosa la jinai ukiacha bunduki yenye risasi mahali mtoto anaweza kuifikia.

Mi ningeanza na mlango kwa kweli. Komeo zuri, skrubu ndefu kwenye fremu, taa ya nje inayowaka mtu akipita, na makubaliano kwamba kelele zikisikika wote mnaenda chumba gani na nani anapiga 911. Mkeo akiona hayo yamefanyika, mazungumzo ya bastola yatakuwa tofauti, na kama bado hataki, basi hamna bastola, nyumba ni ya wawili.

Nimeshanunua. Nitajuaje kama naweza kuiamini? (Seattle)

Ipige. Isafishe kwanza uipake mafuta kidogo, halafu piga risasi za mazoezi kama 200 kwa siku mbili tatu tofauti, siyo zote siku moja, na magazini zote zilizokuja nayo uziwekee alama 1, 2, 3 ili ikikwama ujue inakwama na ipi. Ikikwama kwa magazini namba 2 peke yake, tatizo ni magazini. Ikikwama ukiwa umechoka, tatizo ni kifundo cha mkono kilicholegea, maana slaidi inahitaji mkono uliokaza ili irudi nyuma vizuri. Halafu zile za kujilindia, zenye tundu kichwani, piga hata 50, najua zinauma mfukoni, lakini ndo zitakazokaa kwenye sefu na huwezi kuziamini hujaziona zikitoka.

Anza yadi 7, korido nyingi za nyumba hazizidi hapo, risasi zikishatua ndani ya eneo la sahani moja sogea yadi 15. Zikiwa zinaenda chini kushoto na we ni wa mkono wa kulia usikimbilie kusogeza saiti, ni wewe unaivuta triga kwa pupa. Headphone na miwani kila saa, renji ya ndani weka na za kuziba masikio chini yake, ukitoka nawa mikono kabla hujashika chakula, kuna madini ya risasi humo.

Hizo za tundu ndo hazipiti ukuta, si ndiyo? (Atlanta)

Zinapita. Kuta za nyumba za huku ni jasi, 9mm yoyote inapita, za tundu zinapungua mwendo zikigonga mwili lakini ukikosa hakuna cha kuzipunguza. Ujue chumba cha watoto kiko upande gani wa kitanda chako.

Nikirudi Nairobi naweza kuja nayo? (Boston)

Usiiweke kwenye begi. Kuitoa Marekani ni kusafirisha silaha nje, kuna vibali vyake, na Kenya huwezi kuingia na bastola ukitegemea karatasi za Massachusetts, sheria ya silaha huko inataka kibali cha Firearms Licensing Board na lazima uwape sababu wakubali wenyewe. Tanzania ni hivyo hivyo, kuna sheria yake ya 2015 na kila kitu kinaanzia polisi. Iuze huku kwa muuzaji mwenye leseni kabla hujafunga mizigo, chukua risiti, na ukifika, kama bado unapenda kulenga, Kiambu kuna uwanja wa Kirigiti, waulize wenyewe utaratibu wa kujiunga.